Kamera ya Kazi Haichaguliwi kwa Uzuri wa Picha Pekee

Mpiga video anayejiandaa kununua kamera ya kazi huwa ameshakesha akitazama video za majaribio: mwanamke amesimama barabarani usiku huko Tokyo, taa za nyuma yake zimegeuka viduara vya rangi, kope zake zinahesabika. Picha ni nzuri kweli. Lakini majaribio hayo hayamwonyeshi jambo litakaloamua kama kamera ile itamlipa au itamfilisi, yaani inavyofanya kazi saa ya sita ya shughuli, ukumbi umejaa, DJ amefungulia spika hadi mwisho, betri ya pili inakata na bibi harusi ndiyo kwanza anaingia. Hoja yangu ni kwamba kamera ya daraja la kati, ile ya kati ya dola 2,000 na 6,000 hivi, inunuliwe kwa kuangalia kwanza ni wapi inaweza kukuangusha, na uzuri wa picha ufuate nyuma. Katika daraja hili karibu kila kamera inatoa picha nzuri kuliko macho ya wateja wengi yanavyoweza kutofautisha. Zinapotofautiana kwelikweli ni katika mambo ambayo muuzaji hayaweki dirishani.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu kamera haina ubora unaoelea hewani. Wengi wanaoishi kwa video Dar es Salaam, Mombasa, Arusha au Nairobi wanalipwa kwa harusi, sendoff, mahafali, ibada, makongamano na video za miradi ya mashirika. Kazi hizi zina tabia moja: tukio halirudiwi. Mwongozaji wa filamu anaweza kusema turudie. Wewe huwezi kumwambia kadhi arudie kufungisha ndoa kwa kuwa kadi imejaa. Ijabu na kabuli, yaani kuozesha na kukubali, ni maneno ya sekunde chache, mara nyingi yanasemwa kwa sauti ya chini, mikono imeshikana, wazee wamezunguka na kukuziba. Kiapo cha kanisani ni vivyo hivyo. Na mteja wako si maharusi peke yao. Ni kamati nzima iliyochanga na iliyokuwa ikikutazama, na ndani ya kamati hiyo mna watu watatu au wanne ambao mwaka ujao watakuwa na shughuli zao. Picha iliyo wastani watakusamehe. Kiapo kisichosikika watakisimulia.

Ukishaipima kamera kwa kipimo hicho, swali la kwanza linakuwa rahisi hata linachosha: inarekodi mfululizo kwa muda gani? Kwa miaka mingi kamera za picha mnato zenye uwezo wa video zilikuwa zikijizima kabla ya dakika 30, na sababu haikuwa ya ufundi tu. Umoja wa Ulaya uliweka ushuru wa juu zaidi kwa vifaa vinavyorekodi nusu saa au zaidi, kwa hiyo watengenezaji wakakata kwenye dakika 29 na sekunde 59. Kikomo hicho kimeondolewa kwenye kamera nyingi za karibuni, lakini ziko za zamani kidogo bado zinauzwa mkononi kwa bei ya kuvutia, na mnunuzi hugundua siku ya hotuba ya mgeni rasmi. Kikomo cha pili ni joto. Canon walipotoa EOS R5 mwaka 2020 walieleza wenyewe kwamba ikirekodi 8K itadumu dakika 20 hivi kabla ya kupata joto kupita kiasi, na kipimo hicho kilichukuliwa kwenye nyuzi joto 23. Nyuzi 23 ni hali ya hewa ya ofisini. Viwanja vya Dar es Salaam mwezi wa Februari saa nane mchana ni habari nyingine kabisa. Kamera yenye feni ndani, kama Sony FX3, au iliyoundwa tangu mwanzo kuwa ya video, inakuondolea wasiwasi huo. Hapohapo ulizia nafasi mbili za kadi na kama kamera inaweza kuandika kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Isiyoweza, mimi siihesabu kuwa ya kazi, hata picha yake ikoje, maana kadi bandia zimejaa sokoni na hata kadi halisi hufa.

Sauti ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Maiki iliyo juu ya kamera, ikiwa mita kumi kutoka kwa msemaji katika ukumbi wa vigae na vioo, inaleta mwangwi, vijiko na mazungumzo ya meza ya jirani. Dawa yake inajulikana: chukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikseri ya DJ, weka maiki ndogo isiyo na waya kifuani kwa bwana harusi au mhubiri, na acha ya kamera ichukue hali ya ukumbi kama akiba. Ili ufanye hivyo bila kubahatisha unahitaji matundu mawili ya XLR yenye swichi ya kuchagua kati ya ishara ya mikseri na ya maiki, maana ya mikseri ina nguvu nyingi zaidi, na ukiipitisha mahali pa maiki sauti itapasuka na hakuna programu itakayoiponya. Unahitaji pia umeme wa volti 48 kwa maiki zinazoutaka, na vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti unavyoweza kuvishika kwa vidole huku jicho liko kwenye picha. Kamera ndogo nyingi zina tundu moja tu la milimita 3.5, ambalo waya wake huchomoka ukiguswa na mgeni anayepita, na sauti yake unairekebisha ndani ya menyu. Utaambiwa kuna kinasa sauti cha pembeni. Kipo, na ni akiba nzuri, lakini kinahitaji betri yake, kadi yake, mtu wa kukikumbuka na muda wa kuoanisha sauti na picha mezani. Anayefanya kazi na msaidizi mmoja, au bila msaidizi, kila kifaa cha ziada kwake ni mahali pengine pa kusahau.

Sasa mwanga, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mazoea ya huku na matangazo ya huko yanapoachana. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo ukirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, taa nyingi za ukumbini hazitapepesa na mwendo utaonekana wa kawaida. Shata ikishafungwa hapo, njia ya kudhibiti mwanga inabaki lenzi na aiso. Fikiria mnapiga maharusi ufukweni saa saba mchana. Kwa kanuni ya zamani ya wapiga picha, jua kali kwenye aiso 800 linataka apecha ya f/16 na shata ya 1/800. Kushuka hadi 1/50 kunakuongezea stopu nne za mwanga. Ukitaka apecha ya f/4 ili nyuma pafifie kidogo, unaongeza nne nyingine. Jumla ni stopu nane, maana yake kupunguza mwanga mara 256. Kazi hiyo ni ya kichujio cha ND. Kamera za video za kazi huwa nacho ndani, unageuza kitufe na kuendelea. Canon C70 inafika stopu 10. Sony FX6 ina ND ya kielektroniki inayopanda na kushuka taratibu hadi kupunguza mwanga mara 128, kwa hiyo maharusi wakitoka juani kuingia kivulini unawafuata bila kukata. Sony FX3 na FX30 hazina. Utasema utafunga kichujio mbele ya lenzi, na wengi wanafanya hivyo, lakini utahitaji kimoja kwa kila ukubwa wa lenzi au pete za kuunganishia, vile vya bei nafuu vinaleta rangi ya ajabu kwenye ngozi, na msafara wa magari haukungoji uzungushe pete. Kwa ukanda wa jua kama huu, ND ya ndani naiweka mbele ya 4K kwa mbali.

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya hoja yangu ni giza la ukumbini, na lina uzito, kwa kuwa kamera nyingi za video zenye mambo hayo zina kihisio kidogo. Kihisio kiitwacho cha inchi 1, kinachotumika katika kamera nyingi za video zenye lenzi isiyobanduka, kina milimita 13.2 kwa 8.8. Cha ful-fremu kina 36 kwa 24. Piga hesabu ya eneo: kikubwa kinazidi kidogo mara saba na zaidi, hivyo kwa apecha ileile kinakusanya mwanga zaidi kwa karibu stopu tatu. Kwenye kanisa linalowashwa mishumaa, au makala ya wavuvi wa usiku, ful-fremu inashinda na hakuna la kubishana. Ila harusi ya ukumbini si hali hiyo mara nyingi. Mapambo ya siku hizi yana taa nyingi kuzunguka jukwaa, na mpiga video anayejua kazi huja na taa zake mbili na kuziweka juu, pembeni, zisimchome mgeni machoni. Taa hizo ni bei ndogo sana ukilinganisha na tofauti ya bei ya kamera za vihisio hivi viwili, na zinanufaisha kamera yoyote utakayonunua baadaye.

Kuna pia gharama ambayo wasifiaji wa apecha kubwa hawaitaji. Ful-fremu yenye lenzi ya milimita 85 kwenye f/1.8, ukiwa mita tatu kutoka kwa bibi harusi, inakupa eneo kali la kama sentimita 13 tu, mbele hadi nyuma. Bwana harusi akisimama hatua moja nyuma ya mkewe, amefifia. Wakianza kucheza, wote wawili wanaingia na kutoka katika ukali wa picha, na fokasi ya otomatiki, hata iliyo bora kabisa, lazima ichague uso mmoja. Kihisio cha inchi 1 kwa f/2.8, kwa fremu ileile na umbali uleule, kinakupa zaidi ya nusu mita. Kwa mtu mmoja anayefuata watu wanaotembea, kucheza na kukumbatiana, nusu mita hiyo ndiyo inayomfanya arudi nyumbani na kazi inayotumika. Ndiyo, unaweza kufunga apecha ya ful-fremu hadi f/8 upate kina hichohicho. Lakini ukifanya hivyo mwanga wa ziada ulioulipia umeurudisha wote.

Kamera ya lenzi isiyobanduka ina faida nyingine ambayo haipendezi kuisema kwa vijana, kwa sababu inaonekana ya kizee: zumu ndefu. Sony PXW-Z90 ina zumu ya mara 12, ambayo kwa vipimo vya ful-fremu ni sawa na milimita 29 hadi 348. Unasimama nyuma ya kanisa na kuanzia padri, wanakwaya na umati wote unaishia kwenye pete, kwa kidole kimoja, bila kubadilisha lenzi. Kufika huko kwa ful-fremu unahitaji angalau lenzi mbili, na ile ndefu ya f/2.8 ina uzito wa kilo moja hivi na bado inaishia milimita 200. Tena lenzi nyingi za picha mnato hupoteza fokasi ukivuta zumu. Kwa makongamano, mahafali na mikutano ya kanisa sioni haja ya ubishi.

Wengine watasema: mteja wa leo anataka sinema. Ameona vipande vya Instagram, anataka mandhari yafifie na gauni lielee polepole hewani, na ukimletea picha ya kamera ya runinga atakuona umepitwa. Hili ni kweli kiasi, na anayelidharau atapoteza wateja wenye pesa. Lakini tazama vipande hivyo vimetoka wapi: maandalizi, pete juu ya mto, matembezi ya bustanini. Ni sehemu za siku ambazo unaweza kusema turudie. Kwa hiyo kamera ya pili, ndogo, yenye kihisio kikubwa na lenzi moja nzuri ya f/1.8, inatosha kuzipiga, na si lazima iwe na XLR wala ND wala kadi mbili. FX30 ilipotoka mwaka 2022 mwili wake uliuzwa dola 1,800 hivi. Kamera za zamani zaidi zinapatikana kwa chini ya hapo. Ya kutegemewa inashika tukio, ya urembo inazunguka. Nimeona kwamba wanaopinga hoja hii huwa wanapigania kamera moja ifanye yote, na hiyo ndiyo kamera ya gharama kubwa zaidi.

Jambo moja la ubora wa picha silidharau, nalo ni rangi. Ngozi nyeusi karibu na gauni jeupe, au kanzu nyeupe juani, ni mtihani mgumu kwa kamera yoyote, maana ukiokoa gauni uso unazama, ukiokoa uso gauni linaungua. Kamera ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, ya biti 10 ina 1,024, na ukianza kuinua uso mezani tofauti hiyo inaonekana kama mabaka kwenye paji la uso. Hapa Z90 niliyoisifia ina dosari halisi: kwenye 4K inarekodi biti 8 tu, ingawa kwenye HD inatoa biti 10. Canon XF605 ya mwaka 2021, nayo ya inchi 1, inarekodi 4K kwa biti 10, na ndiyo maana bei yake iko juu zaidi. Asiyefanya marekebisho makubwa ya rangi, anayekabidhi kazi wiki hiyohiyo, biti 8 iliyopimwa vizuri tangu ukumbini inamtosha. Anayeuza rangi zake kama sehemu ya jina lake asiinunue.

Tuje kwenye hesabu. Tuseme kamera na vifaa vyake vimekugharimu milioni 12 za Tanzania, na kila kazi, ukishalipa msaidizi, usafiri na uhariri, inakuachia laki tatu. Unahitaji kazi 40 kurudisha mtaji. Ukichukua ya milioni 20, kazi zinafika 67. Swali basi ni kama zile milioni nane za ziada zitakufanya utoze zaidi, na jibu la uaminifu kwa soko la harusi za kawaida ni hapana, kwa sababu kamati inajadiliana na bei ya mshindani wako, haijadiliani na kamera yako. Kumbuka pia kwamba kazi hazijapangwa sawasawa mwaka mzima. Ramadhani na Kwaresima hupunguza harusi, Desemba huzirundika. Mkopo wa kamera haujui Kwaresima.

Ushauri wangu ni kwamba mwili wa kamera, na lenzi yake kama haibanduki, usizidi nusu ya fedha ulizonazo. Nusu ya pili inaliwa na stendi imara, betri nne halisi, maiki mbili zisizo na waya, taa, kadi na hifadhi. Hifadhi huwashtua wengi. Kurekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde kunakula gigabaiti 45 kwa saa. Shughuli ya saa nane ni gigabaiti 360, na nakala mbili ni 720. Kamera inayorekodi kwa megabiti 250, ambayo ndiyo fahari ya matangazo, inafanya siku hiyohiyo kuwa gigabaiti 900 kabla ya nakala, na kompyuta yako ya sasa huenda ikakataa kuzihariri. Kadi ya alama V30, inayohakikisha megabaiti 30 kwa sekunde, inatosha kabisa kwa megabiti 100. Usiuziwe V90 kwa kamera isiyoihitaji.

Wapo wanaoshauri kukodi badala ya kununua. Nakubali kwa kila unachokitumia mara chache, yaani lenzi ndefu sana, kamera ya tatu au droni. Kamera kuu ni habari nyingine, kwa sababu Jumamosi unayoihitaji ndiyo Jumamosi wenzako wote wanaihitaji. Na simu? Simu za sasa ni kamera ya pembeni nzuri kuliko watu wanavyokiri. Kosa ni kuzifanya za katikati ya ukumbi.

Nikilazimishwa kutaja majina, anayeanza na kuishi kwa makongamano, ibada na harusi za kawaida nitampeleka kwenye familia ya Z90, hata iliyotumika, pamoja na kamera ndogo ya urembo. Mwenye fedha zaidi na anayerekebisha rangi, XF605. Anayefanya makala na matangazo ya mashirika, ambaye anahitaji kubadilisha lenzi lakini bado yuko peke yake barabarani, C70 ina ND, kadi mbili na XLR ndogo, na ilianza kuuzwa kwa dola 5,500 hivi. FX6 inagusa ukomo wa daraja letu. FX3 ningempa anayepiga usiku na aliye tayari kubeba vichujio. Halafu angalia wenzako unaoshirikiana nao wana nini. Betri na lenzi za kuazimana siku ya dharura zina thamani kuliko tofauti ndogo za karatasini.

Iwe Kariakoo, iwe barabara ya Luthuli jijini Nairobi, iwe mzigo wa mtu anayetoka Dubai, uliza dhamana inaheshimiwa wapi, kwa kuwa mara nyingi ni katika nchi kamera hiyo ilikouzwa. Hakikisha inabadilika kwenda fremu 25 na 50, na kwamba menyu inasomeka, kwani baadhi ya kamera za Sony za soko la Japani zina Kijapani peke yake. Nenda na kadi yako, maiki yako na waya wa XLR. Irekodi saa nzima bila kuizima, nje ya duka, wakati mnaongea bei. Geuza kila ngazi ya ND ukielekeza kwenye ukuta mweupe uone kama kuna doa. Tikisa matundu ya sauti huku umevaa spika za masikio. Omba uonyeshwe saa ambazo imeshafanya kazi, kama menyu yake inazihesabu. Bei ya muuzaji asiye na risiti isikulevye: VAT kwa kawaida ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, na bei iliyo chini kupita kiasi huwa imeiruka. Risiti yenyewe iandikwe modeli na namba ya kamera, lisiandikwe neno kamera tu, kwa sababu atakayeinunua kwako baada ya miaka mitatu ataiomba.